Kwenu ni dada, kwao ni mke: wanawake na maisha ya kijiji huko Samoa

Ukianza kusoma habari za wanawake wa Samoa, dakika kumi tu ushachanganyikiwa. Huku unaambiwa dada wa Kisamoa ni mtu mtukufu, kaka zake wanamheshimu kama mama mzazi, neno lake kwenye ukoo linasikilizwa, na mwaka 2021 nchi ikapata waziri mkuu mwanamke, Fiamē Naomi Mata'afa. Huku unaambiwa baraza la kijiji ni la wanaume, bungeni wanawake unawahesabu kwa vidole, na vipigo majumbani ni vingi. Basi watu wanaanza kubishana nani kasema kweli. Mi naona wote wamesema kweli, ila wamekosea sehemu moja, wanasema "mwanamke wa Samoa" kana kwamba ni mtu mmoja. Kule kijijini kuna dada na kuna mke, na hao wamepewa nafasi mbili tofauti kabisa hata kama sura ni ile ile na jina ni lile lile.

Sisi tunaojua maana ya wifi, na tunaojua shangazi akiingia kwenye kikao cha ukoo watu wanajipangaje, hatutapata shida kuelewa. Tatizo la wengi wanaoandika juu ya Pasifiki ni kwamba wanatafuta kitu kimoja tu, mume na mke, halafu wanapima kila kitu kwa hapo.

Kwanza tujue tuko wapi. Samoa iko katikati ya Pasifiki, visiwa vikubwa ni viwili, Upolu na Savai'i, watu kama laki 2 na kidogo, vijiji zaidi ya 300, vingi viko ufukweni. Usiichanganye na Samoa ya Marekani iliyo jirani upande wa mashariki, ile ni utawala mwingine. Wajerumani waliitawala kuanzia 1900 mpaka 1914, wakati ule ule walipokuwa Tanganyika, tena gavana wao wa kwanza, Wilhelm Solf, kabla ya kupelekwa Samoa alishakaa Dar es Salaam kama hakimu. Baada yao ikaja New Zealand, na uhuru ukapatikana tarehe 1 Januari 1962.

Kijiji wanakiita nu'u. Ndani ya nu'u kuna koo, na kila ukoo una jina la heshima moja au zaidi ambalo ukoo wenyewe unakaa kikao na kuamua nani alibebe. Huyo aliyebeba ndo matai. Matai wakikutana ndo fono, baraza la kijiji, na baraza hili sio la kupiga porojo, lina meno: linapiga faini ya nguruwe, maboksi ya samaki wa kopo au hela, na likikasirika kweli linaweza kumfukuza mtu kijijini na familia yake yote, na mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya nchi inayotambua mamlaka ya fono. Ukijumlisha na kwamba kama asilimia 80 ya ardhi yote ni ya kimila, iko chini ya koo na matai wao, utaona kwa nini swali la nani anakaa kwenye fono sio swali dogo.

Jioni kabla giza halijaingia linapulizwa baragumu la kombe la baharini, au kengele inalia, au mtu anagonga mtungi wa gesi mtupu ulioning'inizwa kwenye mti, na kijiji kizima kinanyamaza kwa ajili ya sala. Inaitwa sā. Hakuna kutembea barabarani, gari linasimama, kila familia inakaa ndani ya nyumba yao isiyo na kuta, wanaimba. Nalitaja hili maana ukisikia neno "kijiji" usifikirie nyumba zilizokaa karibu tu, fikiria watu wenye ratiba moja na sheria moja.

Sasa wanawake. Mabinti wa kijiji, yaani waliozaliwa pale, wana kundi lao linaitwa aualuma. Humo yumo ambaye hajaolewa, yumo mjane aliyerudi, yumo aliyeachika, na hata mzee wa miaka 70 ni "binti" bado kwa sababu ni binti wa pale. Kundi la pili ni wake za matai, wanaitwa faletua ma tausi: faletua ni wake wa machifu wakubwa, tausi ni wake wa wasemaji, wale matai wanaoshika fimbo na kuhutubia. Kundi la tatu ni wake wa vijana wasio na cheo, na hawa ndo wa chini kabisa. Angalia vizuri hapo. Aualuma wana cheo kwa damu. Wake wana cheo kwa mume, mume akiwa mkubwa na wewe unakaa mbele, mume akiwa kijana asiye na jina basi wewe na sufuria.

Ingawa hata hilo la sufuria lina mwiko wake, maana mapishi mazito ya Kisamoa, lile tanuri la mawe ya moto wanaloliita umu, magimbi, mashelisheli, nguruwe, tui la kukamua kwa mkono, hayo ni kazi ya vijana wa kiume. Kwenye ardhi ya kwao dada hatakiwi kuungua na moshi wakati kaka yupo.

Na hapa ndo tunafika kwenye kiini cha mambo yote, kitu kinachoitwa feagaiga. Ni agano kati ya kaka na dada. Kaka anamlinda, anamhudumia, haongei maneno machafu mbele yake, na vizazi vyao navyo vinarithi agano hilo: watoto wa upande wa kaka na watoto wa upande wa dada wanabaki pande mbili za ukoo, na upande wa dada una sauti pale ukoo unapochagua matai au unapogombana. Wasamoa wana methali inayosema dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Niliposoma hiyo nilisimama kidogo, maana na sisi mtu tunayempenda sana tunamwita mboni ya jicho, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Sasa mchukue huyo mboni ya jicho, aolewe kijiji cha pili. Anaamka asubuhi ni nofotane, neno lenye maana ya mwanamke anayekaa kwa watu wa mume. Kwa watu hao yeye hana damu wala agano, na wanaoheshimiwa ni mawifi zake, wao ndo mabinti wa pale. Kwenye shughuli za ukoo yeye ndo anaosha vyombo, anabeba sinia, anapepea nzi wageni wakila, na anakula wa mwisho. Huku nyuma kwao, mke wa kaka yake anamfanyia yeye hivyo hivyo akija kutembea. Kwa hiyo mtu mmoja, wiki moja, anaweza kuhudumiwa Jumamosi kwenye msiba wa kwao na Jumatatu akawa anamhudumia wifi. Ukimpiga picha Jumamosi utaandika makala ya sifa, ukimpiga Jumatatu utaandika makala ya huzuni.

Niseme kidogo kuhusu mikeka, maana bila mikeka huwezi kumwelewa mwanamke wa Samoa. Mali ya wanawake kule inaitwa 'ie toga. Kwa Kiswahili tutasema mkeka ila sio mkeka wa kukalia, haukaliwi na haulaliwi. Unasukwa kwa majani ya mti wa jamii ya mkadi, ndugu wa mkadi huu wetu ambao maua yake bibi zetu wa pwani wanajifukizia na kuweka kwenye nguo. Majani yanatolewa miiba, yanachemshwa, ngozi laini inatenganishwa na ile ngumu, yanalowekwa baharini siku kadhaa, yanaanikwa juani mpaka yanakuwa meupe, halafu yanachanwa kwa kucha au chombo kidogo kuwa nyuzi, na ile ya ubora wa juu uzi wake una upana wa milimita moja au mbili tu. Bibi yangu alikuwa anasuka mikeka ya ukindu na nilishaona vidole vyake vilivyokuwa vinapasuka, na ukili wake ulikuwa mpana kuliko kidole, kwa hiyo nikisoma milimita moja najua wanazungumzia kazi ya namna gani. Mkeka mmoja ni miezi, mwingine unapita mwaka. Ukiisha unakunjika kama kitambaa, unang'aa, na pembeni unawekwa manyoya mekundu ambayo zamani yalikuwa ya ndege kasuku mdogo, yakiletwa kutoka Fiji, siku hizi ni ya kuku yaliyotiwa rangi.

Wanasuka pamoja, kwenye nyumba ya kusukia, wanakaa chini mistari, na hapo ndipo habari zote za kijiji zinapopita, nani mgonjwa, nani anadaiwa, mtoto wa nani haendi shule. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza usukaji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kabla ya hapo ubora ulikuwa umeshuka sana, watu wanasuka haraka haraka mikeka mikubwa ya nyuzi nene ili idadi ifike, na kuna shirika la kule linaloitwa Women in Business Development, lilianzishwa 1991, likafanya kazi kubwa ya kuwarudisha wasukaji kwenye ule mkeka mwembamba wa zamani na kuwatafutia hela humo humo.

Hela za nini? Hapo inaingia fa'alavelave, yaani shughuli: msiba, harusi, kumsimika matai, kufungua kanisa. Kwenye harusi upande wa mke unaleta mikeka na upande wa mume unaleta vyakula na hela. Kwa hiyo bwana harusi sio peke yake anayetoa kama kwenye mahari yetu, pande zote mbili zinatoa, na kinachotoka upande wa mke ni kazi ya mikono ya wanawake wa kwao. Siku hizi shughuli zimekuwa mzigo kweli kweli, ndugu walioko New Zealand na Australia wanapigiwa simu watume, na mama wa kijijini ndo anapanga hesabu zote hizo kichwani.

Na kuna tukio moja la mkeka ambalo likinijia kichwani linanigusa. Mtu akiua au akimdhalilisha mtu wa ukoo mwingine, ukoo wa mkosaji unaweza kufanya ifoga. Alfajiri mapema kabla watu hawajaamka, matai wa mkosaji anakwenda na watu wake, wanakaa chini nje ya nyumba ya waliofiwa, kichwa kimeinama na kimefunikwa 'ie toga. Wanakaa hapo kimya. Jua linapanda. Hawajui kama watatoka wenye hasira na panga au watasamehewa. Kama wenye nyumba wamekubali, mmoja anatoka na kumfunua mkeka, na wanaingizwa ndani. Chifu mwenye jina kubwa, mbele ya kifo, kinga yake ni kitu kilichosukwa na dada zake.

Basi kwa nini dada huyu mwenye agano hakai kwenye fono? Hapa historia inaingia. Wamisionari walifika 1830, John Williams na wenzake, na dini ikashika haraka sana. Wasamoa wakamchukua mchungaji wakamweka kwenye nafasi ya dada, mpaka leo mchungaji anaitwa fa'afeagaiga, mwenye agano, kijiji kinamlisha na kumjengea nyumba kama kaka anavyomtunza dada. Utukufu wa dada haukufutwa ila sehemu yake ikahamia kwa mwanaume aliyetoka nje ya kijiji. Na wakati huo huo mahubiri yakawa yanamtukuza mke wa ndoa, mama wa nyumbani, mke wa mchungaji akiwafundisha wasichana kushona na kutii. Mke alipanda kidogo, dada alishuka kidogo. Sisemi dini iliwaharibia, Wasamoa wenyewe wanalipenda kanisa lao na wameligeuza kuwa la kwao, ila ukiruka hapa hutaelewa kwa nini mambo yalikaa yalivyokaa.

Halafu ikaja kamati. Miaka ya 1920, chini ya New Zealand, vijiji vikaanza kamati za wanawake za afya na usafi. Mazingira yake yakumbuke: Novemba 1918 meli Talune ilitoka New Zealand ikaingia Apia na mafua, hawakuizuia, na zaidi ya mtu mmoja katika kila watano nchini akafa. Nchi yenye majeraha hayo ndo iliyoanza kamati. Kamati ilikuwa inapima watoto uzito, inampokea nesi akija, na inakagua nyumba kwa nyumba: shuka, chandarua, vikombe, choo, uwanja umefagiliwa au la. Ukikutwa mchafu unapigwa faini mbele za watu. Wengi walijenga nyumba ya kamati kwa michango yao, ikawa kliniki, ikawa chekechea, ikawa ukumbi. Uzuri mwingine ni kwamba kamati iliwakalisha mabinti na wake pamoja, ingawa mwenyekiti mara nyingi alikuwa mke wa chifu mkubwa na viti vilifuata vyeo vya waume.

Na hawakuishia kwenye choo na chandarua. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi wa New Zealand waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Mau, harakati ya uhuru, pale Apia, akafa na kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi III. Wanaume wakakimbilia porini wanasakwa, na wanawake wakaunda Mau ya wanawake mwaka 1930, wakiongozwa na wake wa viongozi wale wale, wakaendelea kuandamana wakati waume zao wamejificha.

Mwaka 2019 surua iliua watu 83, karibu wote watoto wadogo. Mwaka uliotangulia watoto wachanga wawili walikufa baada ya nesi kuchanganya chanjo vibaya, wazazi wakaogopa, chanjo ikashuka mno. Desemba serikali ikafunga shughuli zote siku mbili, ikawaambia familia ambazo hazijachanjwa zitundike kitambaa chekundu nje ya nyumba ili timu zijue pa kusimama. Fikiria barabara ya kijiji, nyumba wazi zisizo na kuta, na vitambaa vyekundu vimening'inia kwenye nguzo na miti. Ukaguzi wa nyumba kwa nyumba haukuwa jambo geni pale, akina mama walishaufanya karibu miaka mia moja.

Sasa kuhusu vipigo, na hapa sitaki kupaka rangi. Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti mwaka 2005 uliofanyika nchi 10, Samoa ikiwemo na Tanzania ikiwemo. Samoa asilimia 46 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza walishapigwa au kulazimishwa na mwenza. Dar es Salaam ilikuwa 41 na Mbeya 56, kwa hiyo tusiwanyooshee wenzetu kidole. Ukitumia ule ufunguo wa dada na mke utaona kitu: mke yuko mbali na kaka zake, kwenye ardhi ya watu, na anayempiga ni mtu ambaye kimila hana agano naye. Ila ufunguo huu haufungui milango yote. Utafiti ule ule ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake wa Samoa walishapigwa na watu wasio wenza, wengi wao ndani ya familia zao wenyewe. Yaani binti anayeitwa mboni ya jicho naye anachapwa nyumbani kwao, kwa jina la malezi. Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama wa Familia 2013, na mwaka 2018 ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko ya wananchi, ikatoa ripoti ya uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili wa majumbani, watu wa vijijini wakaongea wazi mambo yaliyokuwa hayasemwi. Mi naona hilo la kuongea ni kubwa, kwenye nyumba isiyo na kuta kila mtu anasikia na kila mtu alikuwa amezoea kujifanya hajasikia.

Tumalizie na siasa, maana ndo inayowachanganya wengi. Mpaka 1990 waliokuwa wanapiga kura Samoa ni matai tu, kwa karibu viti vyote. Kura ya maoni ya mwaka huo ikaruhusu kila mwenye miaka 21, ila kugombea bado lazima uwe matai. Sheria ya nchi haimkatazi mwanamke kuwa matai, na wapo, ingawa vipo vijiji ambavyo haviwatambui kwenye fono yao. Lakini kizuizi kikubwa zaidi ni kile ambacho hakijaandikwa popote. Jina la matai ni la kwenu, la ardhi ya kwenu. Wewe umeolewa unakaa kwa mume. Jina liko kijiji kimoja na mwili uko kijiji kingine, sasa utakaaje kwenye fono kila wiki, utajulikanaje, utawahudumia lini watu wa kwenu ili wakupe kura? Mwanaume hapati shida hii, yeye anaoa anabaki.

Ndo mana mwaka 2013 katiba ikarekebishwa, angalau asilimia 10 ya wabunge wawe wanawake, na wakipungua wanaongezwa. Mwaka 2021 uchaguzi ukatoka viti 25 kwa 25, chama tawala HRPP na FAST, chama cha Fiamē, na mgombea huru mmoja, wabunge 51, wanawake watano. Asilimia 10 ya 51 ni 5.1, je hiyo ni watano au sita? Tume ya uchaguzi ikaongeza wa sita, wa HRPP, na kiti hicho cha mwanamke kikawa kinamziba njia mwanamke, kwa sababu mgombea huru alipojiunga na FAST wakafika 26, HRPP nao walishafika 26. Mahakama ikakifuta. Tarehe 24 Mei Fiamē na wabunge wake wakafika bungeni wakakuta mlango umefungwa, wakaapishwa nje kwenye hema. Julai Mahakama ya Rufani ikasema kiapo kile ni halali, akaongoza mpaka 2025.

Fiamē mwenyewe ukimwangalia ni mfano wa yote haya. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi, akafariki 1975, na jina Fiamē analobeba ni la baba yake, la Lotofaga, kusini mwa Upolu, alilipata akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo na haikuwa bila kesi mahakamani. Hakuolewa akahamia kwa watu. Aliingia bungeni 1985 kama binti wa pale, mwenye jina la pale.

Na yule nofotane wetu wa Jumatatu? Mume akifariki, mara nyingi anafunga mizigo anarudi kwao. Akifika anaingia aualuma moja kwa moja, anakaa kwenye nyumba ya kusukia na wenzake aliokua nao, na mke wa kaka yake ndo anayemletea chai.